Nyumba Ndogo ya Mume Wangu

Mume wangu ana nyumba ndogo. Ilipo napajua, harufu yake naijua, na funguo ninazo. Ina ukubwa wa mita 2 kwa 3, iko uani kwetu Tabata, nyuma ya simtanki. Zamani tuliweka humo mkaa, baiskeli za watoto na ile feni mbovu ambayo kila nyumba inayo na hakuna anayethubutu kuitupa. Siku hizi kuna meza ya mbao nzito, vaisi (mwalimu wangu wa Kiswahili angenisahihisha niseme jiliwa), tupa za kila umbo, drili na redio ya betri. Humo ndani baba watoto alimaliza Jumamosi zote za miezi minne akitengeneza kisu kimoja. Kisu cha kukunja, cha kutia mfukoni. Kikifungwa hakizidi urefu wa kiganja changu.

Najua unachowaza, maana mashoga zangu walikiwaza kabla yako. Visu vimejaa Kariakoo, vya kila rangi, na bei ya kimoja haifikii chakula cha mchana cha watu wawili. Miezi minne ya nini? Mmoja akaenda mbali zaidi: "Shoga, mwanaume akianza kujifungia peke yake, ujue kuna jambo." Jambo lilikuwepo kweli, ila halikuvaa wigi.

Mume wangu ni fundi mitambo. Mwaka jana kampuni aliyoitumikia kwa miaka 11 haikuongeza mkataba wake. Hakukuwa na ugomvi wala sherehe ya kuagana. Barua tu, kurasa moja na nusu. Mshahara wangu wa uhariri ukawa ndio mshahara wa nyumba. Sasa, yeye ni Mhaya, na utani wa Wahaya na kujisikia unaujua. Mimi ninayelala naye nakwambia utani ule una ukweli wake: mwanaume huyu anaweza kukosa nauli na bado akatoka amenyoosha shati kama anakwenda kufungua mkutano. Kuniomba mimi hela ya vocha kulimkata kuliko barua yenyewe. Tukawa tunakaa mezani tunaongea ada, LUKU na homa ya mtoto. Basi. Wanaoishi wawili wanajua, kuna ukimya wa kuzoeana na kuna ukimya wa kukwepana. Wetu ulikuwa huu wa pili.

Ndipo Jumamosi moja akahamisha mkaa, akaingiza meza.

Kwa nje kisu cha kukunja kinaonekana kitu cha kitoto. Ukikifumua ndo unaheshimu. Kuna ubapa, kuna springi ndefu inayolala mgongoni, kuna vibamba viwili vya madini ya njano ambayo mafundi wanaita brasi, kuna vipande viwili vya mbao vinavyofunika kila upande, na ribiti tatu za kushikilia vyote hivyo. Aina aliyoichagua yeye haina kufuli. Opinel, kile kisu cha Wafaransa kilichoanza mwaka 1890, kimefungiwa pete ya kukizuia kisijifunge tangu mwaka 1955. Cha mume wangu kinategemea msuguano wa springi na kisigino cha ubapa, hivyo ukikikandamiza upande usiofaa kitakufunga vidole. Unapokifungua, kona ya kisigino inainua springi, springi inagoma. Ukivuka katikati, springi inashuka kwa nguvu na kisu kinamalizia chenyewe: tap! Ule mlio ndio mafundi wa visu wanaoutafuta. Mlio wa hafifu, kazi ya hafifu.

Na mgongo wa springi unatakiwa ulale sawasawa na mgongo wa mpini kisu kikiwa wazi, na ulale hivyo hivyo kikiwa kimefungwa. Ukipitisha ukucha usikwame popote. Hapo ndipo miezi inapokwenda. Kisigino unaweza kukipiga tupa upande mmoja bila kuharibu mwingine, lakini ukigusa ncha ya springi umegusa hali zote mbili kwa mpigo. Nilimwona akipiga tupa mara tatu, anapima, anapuliza vumbi, mara mbili tena, anapima. Kwa mtu kama mimi niliyezoea kufuta aya nzima kwa kidole kimoja na kuirudisha kwa kidole kingine, ilikuwa inanichosha hata kutazama. Chuma ukishakiondoa hakirudi.

Mimi niliingia kwa sababu ya tochi. Umeme ulikatika, akaita nimmulikie. Nikamulika. Umeme ukarudi, sikuondoka.

Ubapa wenyewe ulitoka kwenye tupa kuukuu aliyonunua kwa fundi wa gereji. Tupa ni chuma kigumu, huwezi kukikata kwa msumeno hivi hivi, kwa hiyo aliichoma hadi ikawa nyekundu akaifukia kwenye majivu ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi ikawa laini, inachoreka na kukatika. Akachora umbo, akakata, akatoboa tundu, akachonga. Halafu ikaja siku ya kuurudishia ugumu, ile kazi wahunzi wanaiita kutia maji, ingawa yeye alitumia mafuta.

Ile siku naikumbuka kwa sababu mivukuto ilikuwa drayer yangu ya nywele. Alitoboa jiko la mkaa ubavuni, akaingiza kipande cha bomba, kwenye bomba akaelekeza drayer. Taa zote za uani tukazima, maana rangi ya moto inasomeka gizani. Watoto wakakaa mlangoni, mbali, wamekatazwa kusogea. Ubapa ukawa mwekundu wa giza, kisha wa cheri. Kila baada ya muda aliugusisha kwenye sumaku ya spika mbovu. Mwanzoni ilinasa. Chuma kikifika kama nyuzijoto 770 sumaku haikivuti tena, na hiyo ndiyo saa ya maskini asiye na kipimajoto. Ilipoacha kunasa aliuongezea moto kidogo tu, kisha chwaa, ndani ya kopo la mafuta ya alizeti yaliyopashwa. Moshi, na harufu ya maandazi mtaa mzima.

Wakati ubapa unapoa akawasimulia watoto kwamba kwao Kagera watu walikuwa wanayeyusha chuma zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Nikadhani ni ile kawaida yake ya kusifia nyumbani. Lakini ni kweli, mwaka 1978 watafiti wawili, Peter Schmidt na Donald Avery, waliandika habari hizo kwenye jarida la Science. Kazi ile ilikuwa imekoma, wazee wakajenga tanuru upya kwa kukumbuka walichokiona ujanani, na chuma kikatoka. Binti yetu akauliza: "Na wao walitumia drayer ya mama?" Baba yake akacheka hadi akashika ukuta. Nilikuwa sijausikia mcheko ule kwa miezi.

Chuma kikitoka kwenye mafuta ni kigumu lakini kinavunjika kama glasi. Lazima ukipunguze makali ya ugumu kwa joto la chini, na hapo ikaja zamu ya oveni yangu. Nyuzi 200, saa mbili, mara mbili. Kikitoka kimepata rangi ya majani makavu. Keki haikuokwa wikiendi ile.

Kilichomshinda ni springi. Ya kwanza ilikatwa kwenye tupa hiyo hiyo na kuiva kwa joto hilo hilo, na alipoijaribu kwenye vaisi ilikatika, tak, kipande kikaruka hadi kwenye redio. Hakutukana. Alikaa juu ya ndoo, vumbi jeusi hadi kwenye kope, akakitazama kile kipande. Nilibaki nimeshika tochi ambayo wala haikuwa inahitajika.

"Wale watu wa Geita wamepiga simu," akasema.

"Lini?"

"Wiki mbili."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia nitaongea na mama watoto."

"Na umeongea naye?"

"Si ndo naongea."

Kazi ya mgodini. Wiki nne kule, wiki mbili nyumbani. Mshahara mzuri kuliko wa zamani. Mkataba wa miaka miwili. Wiki mbili nzima alikuwa analala na hilo kifuani, pembeni yangu, chini ya neti moja. Nadhani mezani lisingetoka kamwe. Mezani tunatazamana, na ukimtazama mwanaume aliyepoteza kazi anaona swali hata kama hujauliza. Pale uani macho yote mawili yalikuwa kwenye chuma.

Basi tuliongea kama tulivyofanya kazi, kidogo kidogo. Jumamosi ile alisema yake: kwamba amechoka kuwa mgeni kwenye nyumba anayolipiwa. Neno "kulipiwa" lilinichoma, nikalinyamazia, nikampa msasa. Jumamosi iliyofuata nikasema yangu: kwamba sitaki kuwa mjane wa mume aliye hai, na kwamba nimewaona wanawake wa mabwana wa migodini wanavyolea peke yao halafu mtu anarudi na vitenge vitatu akidhani amemaliza. Alikuwa anakata springi ya pili, safari hii kutoka kwenye springi ya gari, chuma kilichozaliwa kupinda. Hakunijibu mpaka alipomaliza kukata. "Hilo nalo tuliandike," akasema. Tukaliandika kwa chaki ya seremala, ukutani, juu ya vaisi: simu saa tatu usiku kila siku awe na habari au hana. Watoto wasihamishwe shule. Baada ya miezi sita tukae tena, na mmoja akisema imetosha, imetosha. Tuligombana kuhusu hilo la mwisho. Yeye alitaka mwaka. Ilibaki sita.

Springi ya pili aliipasha hadi ikawa ya bluu, moto zaidi ya ubapa, kama nyuzi 300 hivi, kwa sababu springi haihitaji makali, inahitaji kurudi. Aliipinda, ikarudi. Aliipinda tena. Nikaomba niipinde mimi.

Mpini ni mpingo, vipande vilivyosalia kwa wachongaji wa Mwenge. Mpingo ndio mti wetu wa taifa, mti ule ule wanaotengenezea klarineti, na ni mzito kiasi cha kuzama majini. Ukitaka kujaribu nyumbani vaa barakoa, tena si ya urembo. Vumbi lake linawasha kifua na ngozi. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kopo la soda. Nililikata kwa mkasi kikapatikana kipande chembamba, tukakichomeka kati ya kisigino na kibamba cha brasi, yeye akagonga ribiti kwa nyundo ndogo ikafura pande zote mbili. Ribiti ikishika unachomoa kile kipande, na nafasi kilichoacha, nyembamba kama karatasi, ndiyo inayofanya kisu kifunguke bila kulegea. Kukichomoa ilibidi nitumie koleo na maneno ambayo mhariri wangu mkuu hatayapitisha.

Tap!

Alinipa kisu jioni ya kuamkia safari yake. Nimewahi kusoma kwamba Wazungu wengine hawapokei kisu cha zawadi bure, eti kitakata mapenzi, hivyo anayepokea hutoa sarafu kidogo ionekane amenunua. Mimi si mtu wa mambo hayo. Nilimpa shilingi 200. Akaitia kwenye pochi, nyuma ya picha ya watoto, na mpaka leo akija likizo namkuta nayo.

Ameshakwenda na kurudi mara tatu. Simu ya saa tatu imekosekana siku mbili, zote kwa sababu ya mtandao, na zote nimeziandika ukutani kwa chaki. Kikao cha miezi sita bado hakijafika na sijui nitasema nini. Kuna usiku nasema imetosha kabla hata ya kupiga mswaki. Kuna siku naiona risiti ya ada, navuta pumzi.

Kisu kinakaa kwenye mkoba wangu, nakatia maembe ofisini. Na kwenye vaisi kuna ubapa mwingine. Umbo alilichora yeye kabla ya kuondoka, mstari mwembamba wa msumari kwenye chuma, akaniambia nisiuvuke. Jumamosi watoto wakilala mchana naingia na tupa. Napiga tatu, napima, napuliza. Jana aliuliza nimefika wapi. Nikamwambia bado nusu milimita kufika kwenye mstari, na kwamba kucha zangu zimekwisha. Akasema nisiharakishe, springi tutakata wote akija.