Kumpeleka Shosho Marigat

Watu wengi huteremka Bonde la Ufa kwenda kupumzika. Sisi tulikuwa tunakwenda kuuza gari.

Gari lenyewe tulikuwa nalo kwa miaka tisa. Mimi nililiita Shosho kwa sababu kila asubuhi lilikohoa kabla ya kuamka. Mume wangu, ambaye kwao ni Lugari, aliliita Kukhu. Lilitambua majina yote mawili, yaani lilikataa kuwaka kwa lolote kati yake. Mnunuzi alipatikana Marigat, Baringo, mfugaji wa nyuki aliyetaka kitu cha kubebea asali. Alitaja bei nzuri, kisha akaongeza kwamba tumpelekee wenyewe. Baba Neema akapiga hesabu ya mafuta, akasema tutatoka Nairobi saa kumi alfajiri, tufike kabla ya jua kali, jioni turudi na matatu.

Nikamwambia hapana, tutaenda siku mbili.

Kila Desemba tumepita njia hiyo tukienda ushago, watoto wakitapika kiti cha nyuma, na hatujawahi kusimama ila kununua viazi na kuchimba dawa. Naivasha kwetu ilikuwa karoti. Longonot ilikuwa kitu kinachopita upande wa kushoto ukiwa umesinzia. Nadhani Wakenya wengi tuko hivyo. Wageni wanakata tikiti za ndege kuja kuangalia bonde hili, sisi tunalijua kama barabara yenye malori.

Na kulikuwa na lingine. Duka la mume wangu la vifaa vya ujenzi lilifungwa mwezi wa pili. Mkopo wa sacco ulibaki, na mkopo una wadhamini, na mmoja wa wadhamini ni dada yangu, mwalimu, ambaye sasa alikuwa anakatwa mshahara kila mwezi kwa deni lisilo lake. Hajawahi kunilaumu. Angenilaumu ingekuwa afadhali. Tangu duka lifungwe, Baba Neema alikuwa mtu wa kujibu tu. Ukimwuliza, anajibu. Usipomwuliza, nyumba inakaa kimya mpaka taarifa ya habari. Pesa za gari zingemaliza karibu deni lote, na siku moja ya ziada, pamoja na viingilio, mafuta na chumba cha kulala, ingekula shilingi elfu saba kutoka pesa hizo hizo.

"Hiyo ni nusu ya makato ya dada yako," akasema.

Ilikuwa kweli. Nikafunga begi la siku mbili hata hivyo.

Alivaa koti na viatu vya ngozi, vile vya harusi za watu, ili mnunuzi asije akaona tuna shida. Pale juu ya mteremko, kwenye vibanda vya kofia na ngozi za kondoo, alikaa ndani ya gari huku injini ikinguruma, kama dereva wa mwizi. Nilimtoa kwa nguvu. Bonde lote lilikuwa chini yetu, Longonot imekaa katikati kama sufuria iliyopasuka mdomo. Kijana wa kibanda akatuuliza kama tunatoka nje ya nchi. Baba Neema akajibu, "Kasarani."

Chini kidogo kuna kale kakanisa ambako wafungwa wa kivita wa Italia walikajenga mwaka 1942, walipokuwa wakitengeneza barabara hiyo. Nimekapita mara nyingi kuliko siku zangu za kuzaliwa. Ndani hakutoshi familia moja ya kwetu ikija na mashangazi. Tulikaa dakika tano. Sikumwuliza aliomba nini, naye hakuniuliza.

Mai Mahiu, kwa Kikuyu, ni maji moto. Shosho aliheshimu jina la mji. Tulipoanza kupanda kuelekea Naivasha, radieta ilifoka mvuke hadi lori la nyuma likapunguza mwendo kutuonea huruma. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma akatupa kibuyu cha maji na habari nyingi ambazo hatukuziomba: kwamba mwaka 2018, mvua kubwa iliponyesha, ardhi ilipasuka upande ule wa barabara ya Narok, na watu wa runinga wakasema Afrika inagawanyika. "Na nyinyi mmechukua gari bovu kuja hapa," akasema. Mimi nilikumbuka vizuri. Wanajiolojia wengine walieleza baadaye kwamba ni mvua iliyosomba majivu ya kale ya volkano yaliyokuwa yameziba ufa, lakini hiyo habari haikusambaa kama ile ya kwanza. Baba Neema alikuwa anaangalia bomba la radieta. Akalifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Hakusema neno.

Hell's Gate tuliliacha gari langoni lipoe, tukakodisha baiskeli. Ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambapo unaruhusiwa kupita kati ya wanyama bila kufungiwa ndani ya gari. Sasa jaribu kumwona mwanamume wa miaka arobaini na sita, koti limefungwa vifungo vyote, viatu vinang'aa, anaendesha baiskeli ya kijana katikati ya pundamilia. Ngiri mmoja alisimama kabisa kumtazama. Kwenye ule mnara wa mwamba unaoitwa kwa jina la Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883, nilimsimulia hadithi ya Wamaasai, ya msichana aliyekuwa anapelekwa kuolewa, akageuka kutazama kwao nyuma, akawa jiwe. "Ndiyo," akasema, akaendelea kukanyaga pedali.

Tulipita korongo, tukaanza kilima cha kuelekea Olkaria. Hapo tulisukuma baiskeli zaidi ya kuziendesha. Ndipo mabomba yakatokea. Usiyaone kwa picha. Ni manene kuliko mapipa ya maji, ya rangi ya fedha, yanatambaa juu ya vichaka vya leleshwa, yanavuka mabonde, na mbele yake mvuke mweupe unapanda mbinguni kama nyumba mia zinapika kwa pamoja. Baba Neema akalaza baiskeli chini.

"Haya si ya kuuziwa dukani," akasema. "Haya unaagiza."

Sikuwa nimemwuliza kitu.

Akayasogelea, mikono nyuma. "Unaona hiyo ya nje? Si bomba. Hiyo ni shati la bati tu. Ndani kuna sufi ya kushika joto, halafu ndio chuma chenyewe. Na unaona pale, linapanda juu, linaenda kando, linashuka tena?" Niliona. Nilidhani fundi alikosea vipimo. "Chuma kikipata moto kinarefuka. Ukilinyoosha bomba kutoka hapa mpaka kule, siku ya kwanza ya mvuke litajikunja lenyewe na kupasua viungio. Kwa hivyo unaliwekea goti. Linapata pahali pa kuendea."

Aliongea dakika ishirini. Kuhusu unene wa chuma, kuhusu vibanio, kuhusu mteja mmoja aliyekataa ushauri wake juu ya bomba la maji moto na alichokiona baadaye. Sehemu moja mabomba yameinuliwa juu kabisa ili wanyama wapite chini, na wakati huo huo twiga alipita chini yake, taratibu, kama mtu anayeingia benki. Baba Neema hakumwona. Kikundi cha wanafunzi wa chuo waliokuwa wanapumzika kando wakasogea, na kwa sababu ya lile koti, mmoja akasema, "Injinia, samahani, mvuke wenyewe unatoka wapi?"

Nikasubiri aseme yeye si injinia. Akarekebisha kola.

Akawaeleza, na nilikwenda kuhakikisha baadaye, hakudanganya: maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, yanakutana na miamba iliyopashwa moto na magma chini, na ukichimba kisima kirefu yanapanda yakiwa mvuke wa kuzungusha mitambo. Wamekuwa wakifanya hivyo Olkaria tangu 1981, na leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa nchi hii unatoka ardhini namna hiyo. "Hata simu yako," akamwambia yule kijana, "umeichaji na volkano." Walimpigia makofi. Walipiga naye picha. Aliporudi kwenye baiskeli alikuwa anacheka peke yake, na nilijifanya natafuta kitu begini kwa sababu ningemtazama angeacha.

Usiku tulilala Nakuru, kwenye chumba chenye ukuta mwembamba sana. Menengai asubuhi tuliiona kwa haraka kwa sababu ya ukungu. Ni shimo la karibu kilomita 12 kwa 8, na siku hiyo lilikuwa limejaa maziwa. Mogotio tukavuka ikweta. Akapiga honi kuvuka, jambo ambalo hangewahi kufanya na watoto ndani.

Bogoria nilikuwa nimebeba mayai kumi na mawili. Ziwa limepanda miaka hii, maji yamemeza barabara ya ufuoni, na chemchemi nyingi sasa zinachemkia chini ya ziwa zisikoonekana. Iliyobaki wazi ilitosha. Tuliteremsha mayai kwenye kikapu kwa kamba, heroe wakiwa mbali kama vumbi la waridi, na harufu, tuseme ukweli, ilikuwa ya mayai hata kabla ya mayai kuingia. Moja lilitoka kikapuni likapotea. Baba Neema alilisubiri muda mrefu kama jamaa aliyeenda Ulaya.

Marigat, mnunuzi alilizunguka gari mara tatu, akafungua boneti, akaona mpira wa baiskeli. Akataka tupunguze elfu ishirini.

Niliona dada yangu na hati yake ya mshahara. Nikafungua mdomo. Baba Neema akanigusa mkono.

"Mzee," akasema, "bomba hilo ni elfu moja na mia tano. Kulibadilisha, mpe fundi mia tano. Mimi nitakupunguzia elfu tatu, kwa sababu nimekuja kwako mgeni. Hizo kumi na saba zingine ni za nini? Nionyeshe." Mzee alitafuta kweli. Akainama hata chini ya gari. Mwishowe akacheka, akatoa simu, na akatuongezea chupa ya asali kwa sababu ya maneno.

Sikugeuka kumwona Shosho akiondoka. Nilimkumbuka yule msichana wa mwamba.

Ndani ya matatu, kabla hata hatujarudi Mogotio, alituma pesa za sacco. Nikampigia dada yangu, sauti ikawa inakatika, nikamwandikia: imetumwa, mwezi ujao ukikatwa niambie. Mayai saba yalikuwa yamebaki kwenye begi miguuni mwangu, na abiria wa mbele alikuwa amefungua dirisha lake kwa mara ya pili.

Jibu likaja tukiwa karibu na Nakuru. Aliandika asante, akaandika Mungu ni mwema, halafu akauliza: "Na hizi picha nane za mabomba ambazo shemeji amenitumia ni za nini?"

Baba Neema akainyakua simu yangu, akaanza kumweleza.