Tundu la Kabureta

Likizo ya Desemba iliyopita sikwenda nyumbani, bali nilikwenda Jinja kwa mjomba wangu, ambaye ni fundi. Karibu na Bujagali, pale palipokuwa na maporomoko ya Mto Naili kabla hayajazamishwa na bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 2012, wako watu wanaowakodisha wageni pikipiki za magurudumu manne. Wageni huzipanda vijijini katika vumbi jekundu na kurudi wamefurahi mno. Kwa nini mtu atoke Ulaya aje kulipa fedha ili achafuke, mjomba hajui, wala mimi. Kazi yake ni kuzitengeneza, na nusu ya karo yangu hutoka katika kazi hiyo.

Nilikwenda na kiburi changu cha kidato cha tano. Nilikwisha kusoma habari za Bernoulli; nilijua kwamba hewa ipitapo kwa kasi mahali pembamba kanieneo hupungua, na ndivyo petroli inavyofyonzwa ndani ya kabureta. Kumbe kujua hivyo si kujua kabureta.

Pikipiki moja ilikuwa imekaa miezi miwili bila kutembea kwa kukosa matairi. Ilipopata, iliwaka, lakini ukikaza moto ghafula ilisita, ikakohoa, kisha ikashika kwa nguvu. Mjomba alikuwa na kazi nyingi siku hiyo, akaniambia, "Mpwa wangu, itazame hiyo." Nikabadili plagi, nikasafisha chujio la hewa. Kikohozi kikabaki. Basi nikaikaza kidogo skrubu ya sailensa, injini ikanguruma zaidi, na kikohozi kikajificha. Nikaijaribu pale pale uwanjani, penye tambarare, injini ikiwa moto. Nikasema, "Imepona, mjomba."

Kesho yake mgeni mmoja aliipanda katika mlima utokao mtoni. Ikasita. Yeye, kwa kutojua, akazidi kubonyeza moto kwa dole gumba, nayo ikashika kwa ghafula, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, akaanguka kando. Tunashukuru Mungu, alichubuka kiwiko na kuvimba goti tu. Tajiri alipouliza ni nani aliyeitengeneza, mjomba alijibu, "Ni mimi," akakatwa mshahara wa wiki nzima. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo, bisibisi mkononi, kimya.

Jioni mjomba hakunigombeza. Aliirudisha ile skrubu mahali pake, akaniuliza, "Inasita wapi?" Nikajibu, "Ukikaza moto." Akasema, "Hilo najua. Nauliza wapi: mwanzo, katikati, au mwisho?" Sikuwa na jibu. Akanionyesha kwamba kabureta hailishi injini kwa njia moja. Unapoanza tu kufungua moto, petroli hupita katika jeti ndogo. Ukifika robo hadi robo tatu, ni sindano inayotawala. Ukifungua mwisho kabisa, ndiyo zamu ya jeti kubwa. Yetu ilikuwa ikisita mwanzo. Kisha akavuta choki nusu, akakaza moto, na injini ikapanda bila kusita. "Unaona? Ilikuwa na njaa," akasema. Choki hupunguza hewa. Ikiwa injini inapata nafuu kwa choki, basi petroli ilikuwa haitoshi, ama kwa jeti kuziba, ama kwa hewa kuingia kwa wizi kati ya kabureta na injini. Akaukagua mpira unaoziunganisha. Haukuwa na ufa.

Tukafunga petroli, tukafungua bakuli la kabureta. Mabaki yaliyokuwamo yalikuwa ya rangi ya kahawia, yananata, yananuka kama vanishi, kwa maana petroli ikikaa muda mrefu huvukiza na kuacha utomvu. Mjomba akaitoa jeti ndogo, akanipa niitazame kwenye taa. Tundu lake ni jembamba mno, nami sikuona nuru hata kidogo. Nikataka kulizibua kwa waya wa chuma; akanishika mkono. Jeti ni ya shaba nyeupe, nayo ni laini; tundu likipanuliwa kidogo tu haifai tena. Tukailoweka katika dawa ya kusafishia kabureta, tukapitisha unyuzi mmoja wa shaba uliotolewa katika waya wa umeme, kisha tukapuliza upepo katika kila njia. Nikaona nuru, ndogo kama nyota.

Asubuhi, injini ikiwa baridi, niliipandisha mwenyewe ule mlima mara tatu. Haikusita.

Kisha nikaenda kwa tajiri, nikamwambia kwamba ni mimi niliyekaza ile skrubu. Alinitazama kitambo, akasema kwamba fedha zimekwisha kuandikwa daftarini. Hazikurudishwa. Mjomba alipopata habari hakusema neno. Ila ilipokuja pikipiki nyingine yenye kukohoa, alinipa spana akaenda zake kunywa chai.

Karo ilichelewa, nami nikarudi shuleni wiki moja baada ya wenzangu. Walioniuliza niliwaambia kwamba nilikuwa na homa.