Boila Iliyopoteza Presha na Mtoto Tuliyemlaumu



Ndugu wasomaji, nyinyi mlioko Bujumbura na Kampala huenda mkashangaa familia kuandika habari za boila. Lakini sisi tunaoishi Leicester, Uingereza, tunajua kwamba Januari boila ikizima, nyumba nzima imezima. Ndiyo inayopasha maji ya kuogea na ya udhu, na ndiyo inayozungusha maji ya moto kwenye marejeta yaliyo ukutani kila chumba. Bibi yetu, aliyekulia Buyenzi na hajaizoea baridi hii mpaka leo, ana maradhi ya viungo. Alfajiri moja tulimkuta ametawadha kwa maji baridi kama barafu, vidole vimekakamaa, hata kitasa cha mlango hawezi kukizungusha.

Tulipotazama geji, mshale ulikuwa kwenye sifuri. Presha hiyo hupimwa kwa baa (jina lisilo la heri kwa Kiswahili chetu), na boila ikiwa imepoa inatakiwa isome kati ya 1 na 1.5. Tukafungua koki ya kujazia maji, tukaifikisha 1.5, tukafunga, ikawaka. Alhamdulillah, tukasema. Kesho yake alfajiri, sifuri. Tukajaza tena. Keshokutwa, sifuri.

Hapo ndipo tulipokosea. Mwanetu wa miaka 14 alikuwa ametoa hewa kwenye rejeta ya chumbani kwake, kwa sababu ilikuwa baridi upande wa juu. Ni kweli kutoa hewa hupunguza presha, lakini hupunguza mara moja tu, si kila usiku. Hilo hatukulifikiria. Tulimgombeza mbele ya wadogo zake, naye akanyamaza.

Kampuni tuliyoiita ilileta fundi aliyekaa dakika kumi. Akasema boila ina miaka 17, hakuna cha kutengeneza, tununue mpya, na kama pesa hatuna tutalipa kwa mafungu pamoja na riba. Karatasi alikuwa nayo mfukoni. Wallahi, kwa jinsi Bibi alivyokuwa akitetemeka, kalamu tulikwisha kuishika. Tukaomba siku mbili tufikiri.

Baada ya sala ya Isha tulimweleza mzee mmoja msikitini, fundi wa gesi aliyesajiliwa. Ni Mgujarati aliyezaliwa Kampala, akaja hapa akiwa mtoto mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, na Kiswahili chake bado kipo. Hakuuliza umri wa boila. Aliuliza, "Ikipata moto, mshale unafika wapi?" Hatukujua. Aliyejua ni yule mwanetu tuliyemgombeza. Alikuwa akiandika kwenye daftari lake la shule: asubuhi baada ya kujaza 1.5, saa mbili usiku karibu 3, alfajiri 0.

Mzee akacheka, akasema, "Kijana amekwisha kufanya nusu ya kazi."

Akamwambia afunge mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba dogo la shaba linalotokeza nje ya ukuta. Asubuhi mfuko ulikuwa na maji kama kikombe kizima. Na huko ndani tulikuwa tumepapasa kila rejeta na kuinua mazulia tukitafuta unyevu!

Maji yakipashwa moto hutanuka. Kutoka nyuzi 10 mpaka 70, kila lita 100 huongezeka takriban lita 2, na maji hayashindiliki. Kwa hiyo huwekwa chombo chenye ngozi ya mpira katikati, upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Maji yakitanuka, hewa ndiyo inayobonyea kuyapa nafasi. Mzee alipofungua boila akabonyeza pini ya chombo hicho, ambayo ni kama ya tairi la baiskeli, yakatoka maji badala ya hewa. Mpira umepasuka. Ingekuwa hewa imepungua tu, pampu ingetosha. Sasa presha ilikuwa inapanda mpaka 3, vali ya usalama inafunguka na kuyatema maji nje, na boila ikipoa yaliyobaki hayatoshi.

Akabadilisha chombo na vali pia, maana vali ikishatema mara nyingi haifungi sawasawa. Haikufika pauni 300, tukalipa taslimu. Alituonya kwamba kujaza kila siku si dawa, kwa sababu maji mapya huja na oksijeni, na oksijeni huleta kutu na tope jeusi ndani ya marejeta. Pia alisema kutazama geji na kujaza ni kazi ya mwenye nyumba, lakini kifuniko cha boila kisifunguliwe na mtu asiye na kadi ya Gas Safe, usajili uliochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Ikiwa fundi amekuja kwako, mwombe kadi, usione haya.

Usiku ule tulimwomba mwanetu msamaha, mbele ya wadogo zake, palepale tulipomgombezea. Akasema, "Haidhuru," kisha akauliza kama anaweza kuuchukua mpira uliopasuka awaonyeshe wenzake shuleni.

Boila bado ni kuukuu, na mzee hakutuficha hilo. Tumeweka kopo jikoni, kila mwezi tunatia chochote, ili siku ya kununua mpya tununue bila karatasi ya mtu. Asubuhi hii geji imesoma 1.3, na Bibi ametawadha kwa maji ya uvuguvugu.