Anayekunywa Maji

SteamWorld Heist ni mchezo wa video uliotengenezwa na studio ya Image & Form ya Göteborg, nchini Uswidi. Ulitoka mwaka 2015 kwenye Nintendo 3DS, na mwaka uliofuata ukafika kwenye kompyuta. Nautaja katika jarida la kitivo cha lugha kwa sababu umenionyesha jambo kuhusu ngeli zetu ambalo darasani tulilipita haraka.

Hadithi yake ni hii. Dunia imepasuka vipande vipande, na waliobaki ni roboti wanaoishi angani, ndani ya vyombo vya chuma vilivyoungwaungwa kwa misumari na mabomba. Roboti hao wanaendeshwa kwa mvuke, kwa hiyo maji ndiyo uhai wao, na ndiyo pesa yao pia: silaha hununuliwa kwa maji. Kapteni Piper Faraday na genge lake huvamia vyombo vya wengine, hupigana, hubeba walichokuta, hutoroka. Mmeona nimeandika “wanaoishi” na si “zinazoishi”. Habari yenyewe iko hapo.

Chombo huonekana kwa ubavu, kama nyumba iliyoondolewa ukuta mmoja. Watu huchezeshwa kwa zamu: unamsogeza wako, unapiga, na ukishamaliza wote, adui naye hupata zamu yake. Kulenga ni kazi ya mkono wako, na risasi hudunda kwenye kuta na dari, hata unaweza kumpata aliyejificha nyuma ya sanduku kwa kuipitisha juu. Jambo kubwa kwetu ni kwamba saa haikimbii. Unaweza kukaa dakika kumi ukibishana kuhusu risasi moja, na mchezo unangoja. Michezo ya mbio huleta makelele tu; huu wa zamu huleta mazungumzo, na mwanafunzi wa isimu huishi kwa mazungumzo ya wengine.

Kwetu Lubumbashi tunaucheza watatu kwenye kompyuta moja: mimi, mdogo wangu wa miaka kumi na moja, na kambo yetu. Maandishi tunayasoma kwa Kifaransa, ubishi wote ni kwa Kiswahili. Kambo hashiki kipanya. Anakaa nyuma yetu na kutoa amri. Ujana wake aliupitisha akitia makaa kwenye treni za mvuke, kwa hiyo yeye peke yake kati yetu anajua mvuke ni nini. Anapozisimulia zile treni anasema: “Alikuwa anakunywa sana, ule.” Ule, si ile. Injini ya tani nyingi anaipa kiambishi cha shemeji.

Tumezoea kuambiwa, hata na watu wanaotupenda, kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kimetupa ngeli. Ni kweli kwamba nyumbani tunasema “kiti inavunjika” na “muti inaanguka”, na mwalimu wa sarufi sanifu akitusikia hushika kichwa. Lakini mpaka mmoja tumeulinda vizuri: mtu na kitu. Hakuna mtoto wa mtaani kwetu atakayesema “mama inakuya”. Kiswahili sanifu nacho kina mpaka huohuo, na kwa ajili yake hukubali kuvunja sheria zake chenyewe: kiboko na kiongozi wana ki- mwanzoni, lakini kiboko anaogelea na kiongozi amechelewa. Umbo la neno likigongana na uhai, uhai ndio unaoshinda.

Roboti je? Nilianza kuandika kwenye daftari kila kitenzi kilichowaangukia. Mwanzoni mdogo wangu aligawa bila kufikiri. Wetu walikuwa watu: “Piper anaumia, umurudishe nyuma!” Maadui walikuwa vitu: “Yaya, ile ingine inakuya!” Chuma ni kilekile, mvuke ni uleule, tofauti ni upande tu. Hilo lilinikaa vibaya kidogo. Sisi tuliokulia nchi hii tunajua kwamba kumwita mtu kitu huja kabla ya mambo mengine.

Kisha zikaja kofia. Katika mchezo huu unaweza kumpiga adui risasi ya kofia: inaruka, unaiokota, inakuwa yako. Haina faida yoyote vitani, ni pambo, na ndiyo sababu sote tunaitamani kuliko bunduki. Siku moja mdogo wangu aliing'oa kofia moja vizuri sana, akageuza mtutu ili amalize kazi kwa zamu ya mwenzake. Kambo akamzuia: “Umuache ule. Hauone anabakia kichwa wazi?” Kwa umri wake, anayevua kofia mbele yako amekuheshimu, hata kama wewe ndiye uliyemvua. Tulimwacha. Zamu iliyofuata huyo mwenye kichwa wazi alimpiga Seabrass wetu mpaka akalala, nami nikaandika kwenye daftari kwamba mdogo wangu alipiga kelele: “Ule anamuua!” Tangu siku ile hakurudia “ile” kwa maadui wenye kofia. Wasio na kofia aliendelea kuwaita apendavyo.

Mbele zaidi hutokea Vectron, ambao hawatumii mvuke. Wao ni wa umeme. Kambo aliwatazama, akauliza: “Na bale, banakunywaka maji?” Nikamwambia hapana. “Aa, basi ni bintu. Upige.”

Wanaisimu huchora ngazi ya uhai: binadamu juu, mnyama chini yake, kitu mwisho. Sijaona aliyeichora kwa kigezo cha kiu. Lakini katika nyumba yetu ina maana. Maji ya bomba huja usiku, yakitaka, na mdogo wangu ndiye anayeamka kupanga bidoni. Hata katika mchezo anahesabu hivyo: “Tumepata bidoni ngapi?” Anayehitaji kutafutiwa maji ni mmoja wetu. Mwenye kula umeme tu, na umeme wenyewe tunaujua, huyo hana ndugu.

Nilipowasilisha mada ya kazi yangu ya mwisho wa masomo, yaani upatanisho wa kisarufi kwa mashine zinazotenda, mmoja wa waliokuwa wakisikiliza aliuliza kama wahojiwa wangu watakuwa watu au kompyuta. Watu walicheka, nami nilicheka. Bado nadhani swali ni zuri kuliko alivyokusudia. Simu zinatujibu sasa, na wazungumzaji wa Kiswahili watalazimika kuchagua kiambishi mapema kuliko wanasarufi. Naona afadhali uchaguzi huo usikilizwe pia huku kwetu, ambako tunadaiwa hatuna ngeli.

Mwaka 2024 ilitoka SteamWorld Heist II. Sisi hatujaipata, tumesoma habari zake tu. Safari hii wako baharini, na kapteni ni mwingine, Leeway. Nilimweleza kambo kisa chake: maji yenyewe yameharibika, yanawala roboti chuma chao. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza:

“Sasa banakunywaka nini?”