Sifuri ya Mbele

Nimewahi kumwonea mtu kwa sababu ya sifuri moja. Kisa chenyewe ni kifupi.

Kila kompyuta iliyo katika mtandao ina anwani yake. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1981, ambao ungali unatumika, anwani hiyo ni namba nne zinazotenganishwa kwa nukta, na kila namba ni kuanzia 0 hadi 255. Katika ofisi moja niliyofanya kazi, mimi ndiye niliyeandika programu ya kukagua anwani zetu. Ikikuta sehemu tatu, inakataa. Ikikuta 256, inakataa. Ikikuta herufi, inakataa. Nilijivuna nayo sana.

Na kwa kuwa napenda orodha iliyonyooka, kila namba niliiandika kwa tarakimu tatu. Kompyuta ya kuhifadhia nakala za mishahara, yenye anwani 192.168.1.10, nikaiandika 192.168.001.010. Programu yangu ikaipitisha. Kijana aliyekuwa chini yangu akaifuata orodha hiyo, akapeleka nakala kila jioni.

Siku diski ya mishahara ilipokufa, tulifungua hifadhi tukaikuta tupu. Nilimkemea yule kijana mbele ya watu, nikamwita mvivu. Hakujibu neno. Usiku, wengine wakiwa wameshaondoka, akaniita: "Mzee, tafadhali njoo uone." Akaandika anwani kama nilivyoiandika mimi. Ikaitika kompyuta namba 8, ile ya mapokezi. Nakala zote zilikuwa humo, salama.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Zipo programu ambazo zikiona sifuri mbele ya namba huihesabu kwa nane nane badala ya kumi kumi. Kwao 010 ni nane. Ukaguzi wangu ulitazama umbo la anwani tu, haukuuliza ni ya nani. Hata barua iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri huweza kufika kwa jirani.

Wahenga walisema nyani haoni kundule. Niliondoa zile sifuri, nikaifundisha programu kuzikataa, na watu wakapata mishahara yao. Lakini kijana yule nilimkemea hadharani, kisha nikamwomba radhi faraghani, tukiwa wawili tu. Alinijibu, "Yamekwisha, mzee." Kwangu mimi hayajaisha.