Mlinzi Akifa Msituni

Asafiriye kutoka Sake kwenda Masisi hupanda milima ya majani mafupi, ambako ng'ombe hulisha pale palipokuwa na miti mikubwa zamani. Akiipita Masisi na kushuka upande wa magharibi hata Walikale, baridi hupungua, malisho hukoma, na msitu humfunika. Huko huishi kima wa namna nyingi, na sokwe, na yule gorila mkubwa wa Grauer, asiyepatikana po pote duniani ila mashariki ya Kongo.

Kima hawatembei ovyo. Chini yupo chui, juu yupo tai mwenye kishungi. Kwa hiyo kima wa makabila mbalimbali hufuatana, maana macho mengi huona mapema. Wataalamu waliowachunguza kima wa msitu wa Taï, katika nchi ya Ivory Coast, walieleza mwaka 1997 kwamba wakimwona chui au tai hupiga kelele, bali wakimwona mtu au sokwe hunyamaza. Sababu ni hii: chui hutegemea kuvizia, naye akijua ameonekana huenda zake. Mtu hafukuzwi kwa kelele, huifuata sauti. Basi tupitapo msituni na kusikia kimya, tusidhani hamna kitu juu ya miti.

Gorila tegemeo lao ni dume mzee mwenye mgongo wa mvi. Katika mbuga ya Kahuzi-Biega, ambayo msitu wake wa chini wafika mpaka Walikale, mtaalamu wa Kijapani Juichi Yamagiwa aliandika mwaka 2001 habari za majike na watoto waliofiwa na dume wao. Waliacha kulala chini, wakajenga viota mitini. Dume mwingine alipojiunga nao, wakarudi kulala chini. Naam, usingizi wao ulimtegemea mlinzi.

Lakini ulinzi huo haufai mbele ya bunduki. Dume asimamaye kuwakinga wenziwe ndiye apigwaye kwanza. Tangu vita vya mwaka 1996 silaha zimeenea, na wengi wachimbao madini msituni hula nyama ya porini. Gorila hao, waliokadiriwa kuwa 17,000 hivi kabla ya vita, walikadiriwa kuwa 6,800 tu mwaka 2021.

Chui hukamata mmoja, na kundi hubaki. Mwindaji amwuaye dume huweza kutawanya jamaa nzima. Basi sisi wenyeji, tuonapo nyama ya porini sokoni, tuulize kwanza imetoka wapi, kisha tuiache.