Mahari Juu ya Keria



Mdogo wetu wa Moa, mtoto wa mama mdogo, alipoulizwa mahari yake hakutaja seti ya dhahabu wala kitanda cha sita kwa sita. Alisema, "Nataka kayaki." Wanaume barazani walicheka. Sisi tuliowahi kujitwika mwani mbichi kichwani, maji magotini na matope yakivuta miguu, hatukucheka. Bamvua likitoa maji, wanawake huingia mashambani. Maji yakirudi, kila gunia hutaka shingo ya mtu. Ukiwa na chombo, maji yale yale yanayokukimbiza ndiyo yanayokubebea mzigo.

Bwana harusi akaridhia, akatukabidhi pesa tukamtafutie. Tukaipata ya plastiki, ya mtumba, kwa mzee mmoja Raskazone, Tanga mjini: urefu kama mita 4, uzito kama kilo 30. Tukaipandisha juu ya keria ya gari la mjomba, mdomo juu ili ipendeze. Tukatia ndani mikeka na kapu la zawadi, tukapitisha kamba moja ya manila katikati, tukasoma dua ya safari, tukaondoka.

Tulipoipita Amboni, juu kukaanza kuvuma. Tukasema ni upepo tu. Kisha likatupita lori la Horohoro, na omo ikainuka kama jogoo anayetaka kuwika. Kayaki ikateleza upande. Nyuma yetu palikuwa na bodaboda iliyombeba mama na mtoto mgongoni. Dereva wake alikwepa mpaka kwenye nyasi. Hakuanguka, alhamdulillah. Lakini yule mama alitutazama tu bila kusema neno, na mpaka leo tunayaona macho yake.

Tulisimama pembeni, mikono inatutetemeka. Hadithi ya bedui na ngamia wake tunaijua tangu chuoni: afunge kwanza, ndipo atawakali. Sisi tulitawakali kwanza.

Utingo wa lori lililoegeshwa hapo karibu alikuja kutusaidia, naye alitufunza bila kutucheka. Tunawapa nanyi, maana hata kabati la harusi hupanda keria.

Kwanza, hakikisheni keria yenyewe imekazwa. Itikiseni kwa mikono miwili. Tandikeni sponji ya godoro kuukuu juu ya vyuma. Kilichomo ndani kitoeni. Chombo kilazeni kifudifudi, omo mbele, katikati ya gari, kwani kikikaa mdomo juu hukinga upepo. Pitisheni mikanda miwili ya kukazia mizigo, mmoja kila chuma, izunguke chini ya chuma chenyewe. Kazeni kwa kiasi, maana jua hulainisha plastiki na mkanda uliozidi huibonyeza. Mkanda mpeni msokoto mmoja, usivume njiani. Kisha fungeni omo kwenye ndoano ya kuvutia gari iliyo mbele, na tezi kwenye ya nyuma, msifunge kwenye bampa la plastiki. Kinachozidi nyuma kifungieni kitambaa chekundu. Sukumeni chombo: kikitikisika pamoja na gari zima, kimekaa, kikitikisika peke yake, rudieni.

Tukaenda polepole. Baada ya kilomita chache tukashuka kukagua, tukakagua tena Kasera, na tena tulipoiacha lami kuelekea Moa. Mikanda hulegea, dada zetu. Kila tuliposhuka tulikuta wa kukazwa.

Tulifika alasiri. Wazee walitaka kayaki ikabidhiwe kwa baba. Mama mdogo akasema, "Mahari ni ya mwenyewe." Na kweli, Suratun-Nisaa, aya ya 4, imewaamrisha waume wawape wake mahari yao, haikusema wapewe jamaa zao. Tukamwita mwali. Akatoka na hina bado mbichi, akaigusa kwa kiwiko asiichafue, akalia. Sisi pia tulilia, ila yetu yalikuwa na sababu mbili. Ile amana ya mdogo wetu, na roho za wenzetu njiani, zote zilikuwa zimening'inia kwenye kamba moja.

Maharusi wetu, ombeni mnachokihitaji wala msione haya. Nasi mashangazi, makungwi na dada, tuwabebee kwa uangalifu. Dua tusiiache, na mkanda wa pili tusiusahau.

Allah awajaalie ndoa zenye utulivu na rehema. Aamin.